G Yenye Kipele

Ting.

Kimya. Halafu tena: ting, ting.

Sajenti Joanitha alifumbua macho gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na nyumba yao pale Kibeta ilikuwa nyeusi kama tako la chungu, ingawa jogoo wa jirani alikwisha kuwika na alfajiri haikuwa mbali. Kitu kidogo, kigumu, kilikuwa kikidondoka ndani ya sufuria. Akapapasa simu, akawasha tochi, akanyata hadi jikoni.

Mama yake, Ma Restituta, alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua maharage kwa vidole bila taa. Mazuri yaliingia sufuriani. Mabaya yalirushwa mlangoni, na yalikuwa mengi.

"Mama, hayo maharage umeyatoa wapi?"

"Kwenye mkoba wako. Nikasema, leo mwana wange kakumbuka nyumbani."

"Hicho ni kielelezo cha polisi."

"Basi kielelezo chenu kina wadudu," mama akajibu, akaendelea kuchambua. "Tena kimezeeka. Haya yamekaa kwenye moshi misimu miwili, mitatu. Ukiyapanda utavuna subira."

Joanitha akacheka, akachuchumaa kuokoa kilichobaki. Bahati yake vielelezo vyenyewe vilikuwa kituoni vimefungwa kwa lakiri. Pakiti hii moja alikuwa amepewa na mama mmoja wa Ngenge ambaye hakutaka kuiona tena ndani ya nyumba yake.

"Na pakiti umeichana?"

"Nani achane kitu kizuri hivyo? Nimeifungua kwa kisu, polepole." Ma Restituta akainyoosha karatasi kwenye mwanga wa simu. "Kwani hizi si herufi za Karugendo?"

Hapo ndipo kesi ilipokuwa imekwama. Kila aliyeiona ile pakiti alisema vivyo hivyo. MBEGU BORA ZA MAHARAGE YA NJANO, iliandikwa, kwa herufi nene zilizolala kwa mbele, zenye matumbo ya kushiba na miguu ya mtu anayewahi misa. Kuanzia Bukoba mjini hadi bondeni Ngenge hapakuwa na mtu asiyezijua. Zilikuwa kwenye saluni, kwenye baa, kwenye magari ya harusi, kwenye lango la shule. Mchuuzi mmoja wa pikipiki alipozishusha pakiti hizo mnadani Ngenge, watu hawakuuliza zimetoka wapi. Waliona herufi wanazozijua wakanunua. Mvua ikaja, wakapanda, na mashamba yakabaki uchi. Mchuuzi akayeyuka. Pakiti haikuwa na jina la kampuni wala namba ya simu, ila zile herufi tu, na kwa sababu ya herufi mzee Karugendo alikuwa amekamatwa jana na kulala mahabusu.

*

"Sura ni yangu," Karugendo alisema asubuhi ile, akiishika pakiti mbali na macho kama mtu anayetazama picha ya harusi. "Mkono si wangu."

Walikuwa wamekaa chumba cha mahojiano, yeye upande huu wa meza na Joanitha upande ule. Alikuwa mzee mwembamba, mchangamfu, rangi ya bluu imemganda chini ya kucha, na usiku kucha, askari wa zamu walisema, alikuwa amewafundisha mahabusu wenzake nyimbo za kwaya kwa sauti nne.

"Mzee, mkuu wangu ameshasema. Kesho saa tatu jalada linakwenda mahakamani. Ukinyimwa dhamana, unapelekwa gerezani. Nisaidie nikusaidie."

"Binti yangu, gereza nitalizoea. Tatizo ni mjukuu. Tangu mama yake aende Mwanza tunaishi wawili tu, mimi na Dativa. Jirani kamchukua jana, lakini jirani naye ana watoto wake sita." Akairudisha pakiti mezani. "Uliza unachotaka."

Joanitha akampa kipande cha chaki. "Niandikie hapo sakafuni. MAHARAGE."

Mzee akapiga goti. Hakuandika herufi moja moja. Alivuta kwanza mstari wa chini, kisha akapita juu kwa juu akiweka vivuli tu, ndipo akarudi kuvinenepesha. Muda si mrefu neno likawa limelala pale sakafuni kama linataka kukimbilia mlangoni.

"Kwa nini unazilaza?"

"Herufi iliyosimama wima inamngoja mteja. Yangu inamfuata barabarani." Akapuliza vumbi la chaki. "Zinafaa bucha, zinafaa baa, zinafaa harusi. Kaburi sijawahi kuandika kwa herufi hizi. Marehemu hana haraka."

Joanitha alikuwa amechuchumaa na rula. A ya kwanza, iliyobanwa na M, ilikuwa nyembamba mguu wa kushoto. Ya pili ilikuwa imejitanua kidogo. Ya tatu ilikuwa imekunja mguu kuipisha G.

"Hazifanani," alisema.

"Zitafananaje? Kila moja ina jirani yake. Nazipanga kama watu kwenye benchi la kanisa, mnene akija, mwingine anasogea."

Joanitha akapima A za neno hilo hilo kwenye pakiti. Zote tatu zilikuwa sawasawa, kama zimetoka tumbo moja saa moja. Akapima G. Hizo nazo zilikuwa pacha, na kila moja, tumboni, upande wa ndani, ilikuwa na kivimbe kidogo cha duara.

"Na hiki?"

Karugendo akakitazama. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alikasirika.

"G yangu haina kipele," alisema.

Joanitha akampelekea mkuu wake habari hizo. Mkuu, Inspekta Nathanael, mtu wa haki lakini mgumu kama kisiki, akasikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo herufi ni za mashine," alisema. "Na nani kasema mzee hakumchorea mwenye mashine mara moja, akalipwa, akaenda zake? Hujamtoa, Sajenti. Una leo tu."

*

Duka la Nalini Ishwarlal lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, dogo, linanukia karatasi mpya. Babu yake aliuza vitambaa humo humo, baba yake akauza madaftari, na yeye, katika familia chache za Kihindi zilizobaki mjini, alichapa kadi za harusi na kalenda. Kalenda mbili kati ya hizo zilikuwa na michoro ya Karugendo, na ndiyo sababu jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya washukiwa.

"Umekuja kuchapisha au kunikamata, afande?" aliuliza bila kuacha kuhesabu bahasha.

"Inategemea, Dada Nalini. Hii ni kazi yako?"

Nalini akalamba kidole, akakipitisha juu ya herufi. Wino ukaacha mkia mwekundu. "Ungekuwa wangu usingevuja. Hii ni printa ndogo ya mezani, ya ofisini. Mtu akinunua kadi kwangu ikavuja kwa jasho la bwana harusi, nitaishi Bukoba hii?"

"Haya, umetoka kwenye orodha. Sasa nifundishe. Herufi za mkono zinaingiaje kwenye printa?"

Nalini akavuta kiti, akaigeuza kompyuta. Mtu, alieleza, anapiga picha za herufi, anazifuata kingo zake kwenye programu, moja moja, mpaka anapata fonti. Baada ya hapo akibonyeza A, inakuja A ile ile, hata mara elfu. Akachukua lenzi anayoangalizia kadi, akainama juu ya pakiti, akaipitia herufi kwa herufi.

"Kazi nzuri," alisema. "Mwizi ana jicho. Lakini hizi mbili si ukoo wao." Kidole kikagusa Z, kikaenda kwenye J. "Hizi zilikuwa herufi za kusimama, za kompyuta ya kawaida, akaziambia zilale. Kompyuta haijui kulaza, inajua kusukuma tu. Ona unene umekwenda pasipo pake. Wenzao wanatembea, hizi zinaanguka."

Joanitha akachukua lenzi. Ukishaambiwa, huwezi kuacha kuona: Z na J zilikuwa kama wageni waliokodi suti.

"Kwa nini mwizi aibe zote aache mbili?" aliuliza, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe, na alijijibu. "Hakuziacha. Hakuwa nazo. Bango alilolinakili halikuwa na Z wala J."

"Basi tafuta bango."

"Karugendo ana mabango mia."

"Punguza," Nalini akasema. "Mabango yake yako wapi? Juu ya milango, si ndiyo? Ukisimama chini ukapiga picha, herufi zinasinyaa kichwani. Hizi hazikusinyaa. Aliyepiga alikuwa uso kwa uso nazo, kama mimi na wewe."

Joanitha akapiga simu kituoni, akamwomba koplo wa zamu amshikie mzee simu sikioni. Akamtajia: bango lenye M, B, E, G, U, O, R, A, H, Y na N, lisilo na Z wala J, na ambalo haliko tena juu ya mlango.

"Saluni ya Joviana," sauti ya Karugendo ikasema papo hapo.

"Jina lina J, mzee."

"Aa. Kweli." Ikasikika anamwuliza koplo kitu, koplo anacheka. Kisha: "Kule Ijumbi. Bucha Bora ya Ishengoma. Alifunga, nikasikia bango limeshushwa. Mbao za mninga zile, nilizipaka siku tatu."

Nalini alikuwa ameshaliandika jina nyuma ya kadi iliyoharibika na alikuwa anakata herufi moja moja kwa kalamu. Zilipokwisha, aliinua kalamu juu kama refa.

"Zote zimo," alisema. "Nenda, afande. Na ukimpata, usimpige. Mwambie aje kwangu nimfundishe Z."

*

Ishengoma alikuwa kibanjani kwake Ijumbi akikata majani makavu ya migomba. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Alinawa mikono, akawaingiza Joanitha na dereva wake sebuleni, akaleta kikapu kidogo cha akamwani. Kwa Wahaya mgeni hahojiwi wala hahoji kabla hajatafuna kahawa, kwa hiyo Joanitha, aliyekuja kuhoji, akatafuna kwanza.

"Osiibota, waitu. Sasa useme," mwenyeji akamsalimu kwa Kihaya, akijiweka sawa. Mtu mkubwa, mpole, mikono ya bucha.

"Bucha ulifunga kwa nini, tata?" Joanitha aliuliza, akimwita kwa heshima kama baba yake.

"Nilianza kuwapa ng'ombe majina." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Ukishamwita Kahanga, utamchinjaje? Nikarudi kwenye kahawa."

"Una kompyuta?"

"Nina redio."

Joanitha alikuwa ameshaliona alilolitafuta, ukutani, kati ya Bikira Maria na kalenda: picha ya siku ya kufungua bucha. Ishengoma kasimama na mkewe, na nyuma yao, bado juu ya mlango, bango lenyewe likimeremeta. Aliomba ruhusa, akaishusha, akaisogeza dirishani. Picha ilikuwa kubwa na safi. G ya ISHENGOMA ilikuwa na tumbo laini kama yai.

Haikuwa na kipele.

"Bango liko wapi leo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Liko pale pale centa. Nilimuuzia Rutaihwa nyumba, yule wa pembejeo, naye akasema ubao wa mninga hautupwi, ataugeuza. Nilimshikia mwenyewe. Lile dirisha kubwa nililokuwa nauzia nyama, aliliziba kwa bango. Upande mpya ukatazama barabara, akauandika jina lake. Wa kwangu ukatazama ndani."

"Mlilipigilia vipi?"

"Yeye alipigilia, kutokea nje. Misumari ya kenchi. Nikamwambia mirefu hiyo, bwana. Msomi hasikii."

Joanitha akasimama, akashukuru, kisha akakumbuka adabu akakaa tena kumalizia kahawa.

*

Alifuata utaratibu. Alipita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mwenye mwavuli, akamweleza anakwenda kupekua duka la Rutaihwa na anamhitaji kama shahidi. Dereva akabaki mlango wa nyuma. Ndipo wakaingia.

Rutaihwa alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, maneno yanateleza. Aliwakaribisha viti, akawaulizia watoto, akamwuliza mwenyekiti kama mbolea ya msimu uliopita ilimfaa.

"Mbegu za maharage unazo?" Joanitha aliuliza.

"Hapana, dada yangu. Mimi ni mbolea na dawa za mimea tu. Mbegu zina matatizo, umesikia ya Ngenge? Watu hawana huruma."

"Nimesikia. Naomba kuona chumba cha ndani."

"Huko ni stoo, kuna vumbi."

"Nitakohoa," alisema mwenyekiti, akafunga mwavuli na kutangulia.

Chumba kilikuwa na meza, kompyuta, printa ndogo, na magunia yaliyopangwa hadi dari. Na pale palipokuwa dirisha la nyama, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, mbele kabisa ya kiti cha mwenye duka, herufi za Karugendo zilikuwa zimelala ukutani, nyekundu, nene, zinakwenda zao. BUCHA BORA YA ISHENGOMA. Joanitha akawasha tochi, akaipitisha taratibu kutoka B ya kwanza. Alipofika kwenye G akasimama.

Msumari mmoja uliopigwa kutoka nje ulikuwa umekosa gongo la mbao na kutokeza ncha yake ndani, katikati ya tumbo la G, ukaiumua rangi ikawa kama kipele.

Akaiweka pakiti pembeni yake. Mwenyekiti akavaa miwani, akatazama huku, akatazama kule.

"Hii ni hiyo," alisema.

"Jamani, msumari tu," Rutaihwa akasema, akicheka kidogo. "Hilo bango lilikaa barabarani miaka. Yeyote aliyepita na simu angelipiga picha."

"Angelipiga," Joanitha akakubali. "Lakini lilipokuwa barabarani, G ilikuwa laini. Nimeiona picha kwa Ishengoma. Msumari ni wako, uliupiga siku ulipoligeuza bango. Tangu siku hiyo kipele hiki kinaonekana kutoka sehemu moja tu duniani." Akagusa mgongo wa kiti. "Hapa."

Rutaihwa akatazama mlango wa nyuma, akamwona dereva, na akakaa kwenye kile kile kiti.

"Nilikuwa nazitazama kila siku," alisema. "Nikifanya hesabu, ziko. Nikila, ziko. Nikaanza kuzifuata kwenye kompyuta, moja moja, nikijifurahisha. Zikatoka vizuri. Nikaandika majina ya watu wote ninaowajua." Akashusha pumzi. "Halafu nikawaza, kitu kikiandikwa hivi, nani atakataa kukinunua?"

"Ukaandika uongo."

"Nikaandika uongo."

Maharage yalikuwa chini ya magunia ya mbolea, pamoja na rundo la pakiti ambazo hazijajazwa. Joanitha alichota kiganja, akayanusa. Moshi mtupu. Mwenyekiti akawa ameshapiga simu Ngenge kuwaambia waliobakiwa na pakiti wasizipande, na alikuwa anarudia maneno yake kwa sauti kubwa kwa mtu ambaye, ni wazi, alimsikia vizuri tangu mara ya kwanza.

*

Jua lilikuwa halijazama waliporudi Bukoba. Inspekta Nathanael alikagua bango, lililofungwa nyuma ya gari kwa kamba, akapitisha kidole juu ya kipele cha G, akatia sahihi hati ya kumwachia mzee bila kusema neno. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Karugendo alirudishiwa mkanda wake, viatu vyake na penseli. Watu wangetegemea aende moja kwa moja nyumbani. Badala yake aliomba ile pakiti, akavaa miwani ya koplo, na Joanitha akamwona anaumia kuliko alivyoumia mahabusu.

"Hii ndiyo Z aliyonipa? Mbele za watu wote wa Ngenge?"

"Mzee, umeshatoka. Dada Nalini anasema akipata herufi zote kutoka mkononi mwako, atakutengenezea fonti ya kweli, yenye jina lako, na mtu akiitaka aje akuombe wewe."

"Zote?"

"Zote. Na Z."

Hapo akapiga goti penye saruji ya kituo na chaki iliyobaki mfukoni. Akavuta mstari wa chini. Z ikaja, imeinama, kiuno chembamba na mabega mapana, kisha J na mkia wake, kisha Q na X ambazo tangu aanze kazi hakuna bucha wala saluni iliyowahi kumwomba. Askari wakatoka ofisini mmoja mmoja. Koplo akataka jina lake. Inspekta akasimama mlangoni, mikono nyuma, akauliza kama herufi hizo zingekaa vizuri kwenye neno POLISI, na mzee akamjibu kwamba zingekaa, lakini watu wangedhani polisi wanakuja kweli. Hata Inspekta alicheka.

Jirani alikuwa amefika getini amemshika Dativa mkono. Mtoto akamwachia mkono, akapita katikati ya buti za askari, akasimama kando ya babu yake. Alizitazama herufi, akamtazama babu aliyekuwa bado amepiga goti anaitafutia X upana wake, akangoja kidogo, kisha akamvuta shati.

"Babu," alisema, "nina njaa."